Nilidhani Umeme Umekatika

Kituo cha mazoezi,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na chukua shikamoo nyingine ya akiba, maana nimekaa muda mrefu bila kukuandikia, na simu zetu za siku hizi zimekuwa za haraka, kama watu wanaopishana mlangoni mmoja akitoka na mwingine akiingia. Natumaini wewe na mama hamjambo, na kwamba mguu ulioteguka umekubali kuwa mguu tena. Mama ameniambia umerudi kupanda ngazi kabla hata bandeji haijafunguliwa, na alipokugombeza ulimwambia eti mteja hawezi kukaa gizani akisubiri mfupa wako. Tafadhali, kaa chini walau wiki hii. Mimi huku ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naogelea. Mabega yananiuma jinsi yanavyopaswa kuuma.

Kabla hujaendelea, nina ombi. Najua desturi ya nyumbani barua yangu ikifika: mama anaiweka pasi pembeni, anawaambia wateja wa dobi wasubiri, nawe unavaa ile miwani uliyoifunga kwa waya na kusoma kwa sauti kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Hii usiisome kwa sauti. Isome peke yako kwanza, karakanani, mlango ukiwa umefungwa. Mama utamsomea baadaye, au utamweleza kwa maneno yako. Usishtuke. Sijafukuzwa kituoni, na wala sijapata mchumba.

Naandika kwa sababu ya ile safari ya hospitali. Kila ulipoiulizia nimekujibu kwamba tutaongea. Umenieleza kwamba daktari bingwa wa macho anakuja, kwamba nafasi ni chache nawe umeipigania yangu mpaka ukaipata, na kwamba sharti lake ni moja tu: jicho liwe bado linatambua mwanga. Umesema utakuja kunichukua mwenyewe. Umeshamwambia mama, umemwambia shangazi, na nikikufahamu vizuri, umemwambia kila mtu aliyekuletea feni mbovu mwezi huu. Mimi nimekuwa nikinyamaza, nawe ukanitania kwamba dhahabu imenipandisha mabega, siku hizi hata baba naye anaomba miadi. Haikuwa hivyo. Barua hii ndiyo jibu langu, ila nikilitoa peke yake litakuwa kama kisu kisicho na mpini. Kwa hiyo nivumilie, nianze mbali kidogo.

Niko kwenye chumba cha kusomea, mbele ya ile kompyuta inayotamka kila herufi ninayoibonyeza. Nimevaa vipokea sauti ili isinitangaze. Kuna raha moja humu: nikishaichapa karatasi hii, katika bweni zima hakuna atakayeweza kuisoma. Ningeweza hata kuibandika ukutani. Wanaoona vizuri ni kocha, mpishi, na mgusaji wangu, yule anayenigusa kwa fimbo nikikaribia ukuta wa bwawa, na hao si watu wa kuchungulia. Leo ni mapumziko, na bwawa limefunikwa turubai. Wenzangu wametoka kwenda mjini. Walinibembeleza twende, nikasema nina barua ya kuandika, wakacheka kwamba mimi ni bibi kizee, nani anaandika barua siku hizi.

Unapenda kuniuliza maisha ya bingwa yakoje, nami hukujibu kwa utani. Leo nikueleze kweli. Maisha ya bingwa ni kushikwa kiwiko. Tangu tumerudi kutoka kwenye michezo nimeshikwa kiwiko na watu ambao sijapata kujua majina yao. Wananiingiza kwenye kumbi zenye mazulia mazito na harufu ya maua yaliyokatwa, wananikalisha, wananiinua, wananigeuza upande wa kamera. Wanaishika medali wakiwa wameniinamia kifuani, nasikia wanavyoipima uzito. Halafu maswali yote wanamuuliza mgusaji wangu. Anajisikiaje? Atapenda kunywa nini? Juzi bwana mmoja mwenye sauti nzito alimuuliza kama naweka sukari kwenye chai. Mgusaji akamjibu kwamba anayejua ni mwenye mdomo, na aliyeshinda ni huyo huyo, yeye alishika fimbo tu. Yule bwana akacheka peke yake, kisha akamuuliza tena, safari hii kwa kunong'ona.

Mwanamke huyu nampenda, Baba, ingawa hatuzoeani. Ni mtu wa kazi. Anafika bwawani kabla yangu, anaikagua fimbo yake, anauminya ule mpira wa sponji uliofungwa mwishoni kuona kama umekauka, kisha anasimama ukingoni kimya. Nikikaribia ukuta, ananigusa kichwani mara moja, nami najua ni wakati wa kujigeuza. Hakosei. Hagusi mapema wala hachelewi. Jioni anaiweka fimbo kabatini, ananiaga, anakwenda kwake. Kuna siku nikilala huwa najiuliza leo nani amenigusa, na jibu ni ule mpira wa sponji.

Sisemi haya kukuhuzunisha. Nataka tu ujue kwamba huwa nakulinganisha naye, na kwamba wewe ulikuwa mgusaji mbovu kuliko wote. Unakumbuka bwawa la kwanza? Uliitwa kutengeneza pampu ya bwawa la ile shule kubwa, nawe ukanichukua kwa sababu mama alikuwa na nguo nyingi za kupiga pasi. Uliniweka ukingoni miguu ikiwa majini, ukaniamuru nisisogee. Nilisogea. Mlinzi wa bwawa alinitoa nikiwa nacheka na kukohoa, wewe ukiwa umesimama na bisibisi mkononi unapiga kelele, maana ulikuwa hujui kuogelea, na hata leo hujui. Mlinzi alikuambia mtoto huyu haogopi, mlete nimfundishe, la sivyo atajifundisha mwenyewe na hutapenda matokeo. Akaniita Kambare, kwa sababu alisema kambare naye haoni kitu kwenye tope lakini ndevu zake zinajua kila kilipo. Wewe ulichukia jina hilo kwa siku moja tu. Kesho yake ukalichukua likawa lako.

Nilipovunjika jino ukutani ndipo ulipotengeneza fimbo ya kwanza, ya bomba la plastiki lile la kupitishia nyaya, na sponji uliyoichukua kwa mama bila kumwambia. Ulikuwa unatembea pembeni ya bwawa huku unaongea njia nzima. Ulikuwa unanigusa begani, mgongoni, popote, tena mara tatu nne, kama mtu anayepiga hodi kwa jirani mwenye usingizi mzito. Mara nyingine ulinigusa katikati ya bwawa kuniuliza kama nimechoka. Mlinzi alikuwa anakufa kwa kicheko. Alisema mtoto anaogelea sawasawa, ila baba ndiye anayezama nchi kavu.

Chama cha waogeleaji kilipoleta utaratibu wake na kutaka wagusaji waliosomea, ulikwenda kwenye mafunzo. Walikurudisha kwa sababu anayesimama ukingoni lazima awe na uwezo wa kuruka kuokoa. Ulirudi ukicheka, ukasema bora hivyo, nitakaa kwenye kiti nimwone mwanangu kwenye runinga kama watu wenye heshima zao. Mama aliniambia usiku huo hukula. Na jirani wa duka la vyombo aliposema hii yetu siyo Olimpiki yenyewe, ni ile ya pembeni ya walemavu, ulimwambia afumbe macho, aruke bwawani, halafu aje akueleze kama maji nayo ni ya pembeni. Mama alinisimulia kwa simu, tukacheka wote. Nilipokata simu sikuweza kulala.

Sasa niseme kuhusu mwanga.

Jicho la kulia halikuwahi kuwa na kitu, hilo tunalijua. La kushoto ndilo lililokuwa na kile ulichokiita mkondo. Wewe ndiye uliyeugundua, nikiwa sijaanza hata kutambaa, ulipoona nageuza shingo kufuata balbu uliyokuwa unaijaribu. Ukaja na mchezo wako. Nilikua nikidhani watoto wote wanachezeshwa hivyo: baba anabonyeza swichi, anauliza imewaka au imezimika, mtoto anajibu. Ulipogundua kwamba naiba kwa kusikiliza swichi, ukaanza kubonyeza mara mbili mbili kunichanganya. Nikipatia, ulishangilia kama umeme umerudi mtaa mzima. Ulimwambia kila daktari neno lile lile, kwamba palipo na mkondo, hata uwe mdogo namna gani, fundi ana pa kuanzia.

Sidhani niliwahi kukueleza mwanga ule ulikuwaje. Dirisha lilikuwa shuka jeupe lililoanikwa. Balbu ilikuwa kitu cha joto kisicho na ukingo. Mtu akipita mbele ya dirisha, weupe ulikatika na kurudi, na wewe nilikujua kwa namna ulivyoukata: haraka, mara mbili, kwa sababu huwezi kusimama mahali pamoja. Mama aliukata polepole. Sikuwahi kuona uso, Baba, wa kwako wala wa mtu yeyote. Lakini chumba chenye watu kilikuwa tofauti na chumba kitupu hata kabla hawajasema neno. Hilo ndilo lililokuwa langu, na lilinitosha zaidi ya mlivyodhani.

Katika mashindano yetu, kundi letu wote tunavaa miwani iliyopakwa weusi. Ni sheria, ili asiyeona kabisa na anayeona kamwanga wawe sawa majini. Ukishagusa ukuta wa mwisho, msimamizi anakuja kuikagua kama kweli haipitishi kitu. Unaivua ukiwa bado majini, unampa. Wapo wanaosema sehemu wanayoipenda ni kupanda jukwaani. Mimi yangu ilikuwa ile. Ukitoka kwenye giza lile la miwani, mwanga hurudi kutoka kushoto taratibu, kama maziwa yanavyoingia kwenye chai, na mimi humwambia mwili wangu kwamba kazi imekwisha.

Siku ya fainali ukumbi uliombwa unyamaze, maana sisi tunaanza kwa kusikia. Sijapata kusikia watu wengi hivyo wakinyamaza. Filimbi ikalia, nikaruka. Kwenda sikukumbuka kitu. Kurudi nilimsikia wa njia ya jirani, maji yake yalikuwa yanapiga ubavu wangu, kisha yakawa yanapiga paja, kisha sikuyasikia tena, na nikawa peke yangu. Nilifikiri nimepotea njia. Unaposhinda, Baba, inafanana sana na kupotea. Nikaguswa kichwani, mara moja, pale pale panapostahili, nikanyoosha mkono, ukuta ukaja. Mgusaji wangu, ambaye hajawahi kupaza sauti, alipiga kelele Kambare, Kambare, ni wewe, ni wewe! Ukumbi ukalipuka.

Msimamizi akainama, akaniambia kwa upole nivue miwani. Nikavua, nikampa. Nikageuza uso juu, upande wa kushoto, niupokee mwanga wangu.

Haukuja.

Nilidhani umeme umekatika. Nisamehe, hata sasa najikuta natabasamu ninapoliandika. Mimi ni mtoto wa fundi umeme, ningefikiri nini kingine? Nilimwonea huruma fundi wa pale. Nilimwaza akikimbia kwenye ujia na tochi mdomoni, dunia nzima ikimtazama, swichi kuu imeanguka. Nikasema moyoni kwamba lazima nikikutana nawe nikusimulie, utafurahi kwamba hata wakubwa hukatikiwa. Nikasubiri jenereta. Nilisubiri kwa subira kabisa, nimeshika kamba ya maboya, huku watu wakipiga makofi. Kisha nikaona ajabu watu wanavyopiga makofi gizani, nikamuuliza mgusaji kama umeme umekatika. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Bingwa, taa zote zimewaka kwa ajili yako, mpaka zinaumiza macho."

Hapo ndipo nilipojua.

Nilijifuta maji usoni. Nililifumba jicho na kulifumbua, nikalisugua kama unavyosugua balbu yenye vumbi. Miezi kadhaa kabla ya hapo mwanga ulikuwa umefifia, balbu ya chumbani imekuwa kama imefunikwa kitambaa, nami nikajiambia ni uchovu, nikajiambia ni dawa ya bwawa. Sikutaka kupima. Wewe mwenyewe husema kifaa kinachofanya kazi usikifungue. Sasa hapakuwa na kitambaa wala balbu. Walinivuta juu, wakanikumbatia, nikafunikwa taulo. Nililia, na kila mtu aliona ni furaha, nikawaachia waone hivyo.

Umenitania sana kuhusu kile kitendo cha jukwaani. Ulisema kwa simu kwamba bendera ilipokuwa inapanda, bingwa wenu aliipa kisogo, akawa anautazama ukuta kama mtu anayetafuta mlango wa choo, na kwamba mtaani sasa mnaniita Kisogo cha Taifa. Nami nikakujibu kwamba nilikuwa na kizunguzungu cha furaha. Baba, kwenye kumbi zote huwa najipanga kwa taa. Naambiwa bendera iko upande gani wa taa kubwa, najigeuza mwenyewe, sipendi kugeuzwa kama kabati. Siku ile niliambiwa hivyo hivyo, nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa, nikakisia. Nilikisia vibaya. Niliusikia wimbo wetu wote nikiwa nimeelekea pasipo na kitu, na sikujua mpaka uliponichekea.

Daktari wa timu nilimwendea siku mbili baadaye, peke yangu, nikamwomba asimwambie mtu. Alinichunguza kwa muda mrefu. Nilijua anawasha kijitochi kwa sababu nilisikia kinavyobofya, lakini sikukiona. Alisema pazia la nyuma ya jicho, lililokuwa limechakaa tangu utotoni, limebanduka lote, na ndani hakuna kilichobaki cha kulishikiza. Nilimuuliza kama ni kwa sababu ya kuruka majini. Alisema lingebanduka hata kama ningekuwa nimekaa kwenye kiti nikisuka mkeka. Ninakuandikia jambo hili kwa sababu najua utatafuta wa kulaumu, na utaanza na pampu ya ile shule. Usianze. Tumepelekana hospitali tatu tangu turudi, mimi na daktari huyo, na majibu ni hayo hayo.

Kwa hiyo kila uliponiuliza, tangu siku ile, kama taa bado ipo nami nikajibu ipo, nilikuwa nakudanganya. Ilikuwa rahisi. Hakuna aliyegundua. Fikiria, naishi kwenye nyumba ya watu ambao kazi yao ni kujua nani anaona kiasi gani, na hakuna aliyegundua, kwa sababu bwawani sote tuko kwenye weusi ule ule, na nje ya bwawa nimeshikwa kiwiko. Naogelea kama zamani. Juzi nimeogelea vizuri kuliko siku ya fainali. Maji hayajui kwamba kuna kitu kimetokea.

Aliyegundua ni mwenzangu wa chumbani, yule tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Yeye anaona maumbo, ni wa kundi jingine, na ana tabia ya kuwasha taa alfajiri kabla sijaamka, nami kila siku humrushia mto. Alhamisi alisimama katikati ya chumba akaniuliza kwa nini siku hizi simrushii mto. Nikasema nimekuwa mtu mzima. Akasema, "Shoga, taa imewaka usoni kwako tangu saa ile, hata kope hujapepesa." Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Redio alinyamaza. Alikuja akakaa kitandani kwangu, akaniwekea miguu yake ya baridi juu ya miguu yangu, na tukakaa hivyo mpaka kengele ya mazoezi. Hatamwambia mtu. Lakini niliona si haki kwamba yeye anajua na wewe hujui, na hiyo ndiyo sababu umeipata barua hii sasa.

Utauliza kwa nini nilikuficha wewe, hasa wewe. Nimelifikiria sana swali hilo, kwa sababu sina jingine la kufanya nikiwa nahesabu mistari isiyoonekana ya bwawa. Giza lenyewe siliogopi kama mnavyoliogopa ninyi mnaoona. Ni jirani yangu wa siku nyingi. Ninaloliomboleza ni dogo, na ni langu: lile shuka jeupe la dirisha, na watu kulikata wanapopita. Sasa mtu akiingia chumbani bila kusema, hayupo. Mchana kutwa nakaa na watu ambao hawapo. Hilo nitalizoea.

Nilichokiogopa ni wewe, ukiwa umeketi karakanani na mikono yako. Tangu nizaliwe umekuwa ukinitengeneza. Kila kitu kwako kina mahali kilipokatika, na ukikaa nacho kwa subira utapaona. Sijakuona ukikirudisha kifaa cha mtu na kumwambia hakifai. Hata redio ya marehemu babu uliihifadhi vipande vipande. Niliogopa siku utakapokuwa huna pa kuanzia. Niliona ni afadhali nibaki na mkondo wa uongo kuliko wewe ubaki bila kazi. Lakini Baba, mimi si waya. Hakuna palipokatika ambapo ungepaona mapema, hakuna ulichosahau kukifunga. La kuvunda halina ubani. Ulifanya kila linalofanyika, na ulilifanya vizuri kuliko madaktari, kwa sababu wao walipima jicho, wewe ulicheza na mtoto.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Usije kunichukua. Mpigie daktari kesho, umwambie nafasi yangu ampe mtu mwingine, mtu ambaye bado akiwashiwa taa anageuza shingo. Yupo mahali fulani, na baba yake naye anahangaika. Usiseme tutakwenda tu kujaribu. Nakujua, utasema hivyo. Nikikubali, utakaa kwenye benchi la hospitali umeshika kofia, daktari atawasha tochi yake, na utaniangalia usoni kusubiri. Sitaki uusubiri uso wangu tena. Miaka yote hiyo inatosha.

Na medali usiwaze kuitoa kwa daktari yeyote wala kuitembeza mtaani kwa ajili ya kuomba msaada. Itakuja nyumbani na mimi. Mwezi ujao tuna likizo fupi, nitapanda basi mwenyewe, nimeshamweleza kocha kwamba sitaki msindikizaji. Nitakuja kama mtu anayekwenda kwao, si kama mgonjwa. Nikae jikoni nisikie pasi ya mama ikipumua, na wewe uongee njia nzima kama ulivyokuwa ukiongea pembeni ya bwawa. Ukinyamaza, Baba, nitadhani hupo. Hilo ndilo ninalokuomba sasa, badala ya lile la hospitali: ukiwa chumbani pamoja nami, piga kelele.

Nisalimie mama, umbusu mkono ulioungua na pasi, ila umwambie polepole. Anza na mwisho wa barua, kwamba nakuja, halafu urudi nyuma. Nisalimie shangazi na umwambie zawadi yake nimeipata, sandali zinanitosha. Msalimie hata yule wa duka la vyombo. Mwambie maji bado ni yale yale. Kocha anawasalimu, na mgusaji wangu amesema anataka siku moja kukutana nawe, kwa sababu amechoka kusikia habari zako.

Ukimaliza kusoma, usinipigie leo. Ungeanza kunifariji, nami ningeanza kukufariji, na tungeishia wote kudanganyana kwamba tuko salama. Kaa kwanza. Lia kama unataka, mlango umefungwa. Nipigie keshokutwa. Nataka nipate walau siku moja ya kuamka hapa nikijua kwamba kuna mtu wa kwetu anajua.

Naomba radhi zako, na sala zako, ila usiniombee mwanga.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Kambare